Wimbo Mmoja, Magauni Mawili

Jeneza lilikuwa limeshawekwa katikati ya jukwaa, waombolezaji wamejipanga na leso machoni, wapiga fidla wameinamisha vichwa kama watoto waliokaripiwa, na mchumba wa marehemu akatokea amevaa gauni jeupe la harusi, shela mpaka kisiginoni.

Ukumbi ulinyamaza kwanza. Watu wastaarabu humpa msanii nafasi. Huenda ndiyo sanaa yenyewe, nani ajuaye. Kisha mtu mmoja kule nyuma akapasuka kwa kicheko, na kicheko ni kama moto wa nyasi kavu, hakiulizi shamba ni la nani. Malkia, maana ndivyo walivyomwita mwimbaji mkuu naye hakuwahi kupinga, aliimba kilio chake chote mpaka ubeti wa mwisho, maua ya kitambaa yakimchezacheza kichwani. Alipotoka jukwaani alikuwa analia machozi ya kweli, yale ambayo siku zote humpa taabu kuyapata.

Aliyemvalisha alikuwa bado amesimama nyuma ya pazia, gauni jeusi limening'inia msumarini karibu na sikio lake. Wenzake walimwita Bi Vifungo. Alilitazama lile jeusi, akautazama msumari mtupu uliokuwa wa lile jeupe, akaelewa alichokifanya kama mtu anavyoelewa kuwa nje kunanyesha. Hakushtuka. Kutoshtuka kwenyewe ndiko kulikomtia wasiwasi, kama na ule ungeweza kuitwa wasiwasi.

Kazi ya mvalishaji ni ya gizani. Jukwaa yeye halioni, saa yake ni wimbo. Ubeti huu, shika sketi. Kiitikio, funga kulabu. Wakirudia kiitikio, msukume mtu akaimbe. Sasa mtunzi wa mchezo ule, kwa ubahili au kwa akili, alitumia wimbo mmoja kwa msiba na kwa harusi: kwenye msiba unakwenda polepole, kwenye harusi unakimbia kidogo. Kwa sikio zima tofauti yake ni mbingu na ardhi. Mpangilio wa mchezo Bi Vifungo aliujua kuliko njia ya kwao, lakini mikono haifuati mpangilio, mikono hufuata wimbo. Wapiga fidla walipoanza, mkono wake ukaenda ulikokwenda. Malkia naye huinua mikono juu na kufumba macho kama mtoto anayevuliwa shati, akiutafuta uchungu wake. Alipoyafumbua alikuwa tayari mbele za watu.

Mwongozaji alimkuta ameketi juu ya sanduku la viatu.

"Mama, niambie ulikuwa unaumwa."

"Siumwi."

"Basi niambie taa ilizimika."

"Huku nyuma taa haijawahi kuwaka, mwanangu. Wewe ndiye unayesema balbu ni anasa."

Mwongozaji alijifuta uso. Alikuwa ameanza kazi pale akiwa kijana wa kubeba viti, na Bi Vifungo ndiye aliyemfundisha kushona suruali yake ilipopasuka. "Hukuusikia wimbo?"

"Niliusikia. Nikajua ni ule. Sikujua ni wa furaha au wa msiba."

Hapo Malkia akaingia, shela imemnasa begani. "Mama! Nimemzika mchumba nimevaa shela! Kesho watu watakuja kucheka, si kulia."

"Basi kesho ukumbi utajaa," Bi Vifungo akasema.

Malkia alitaka kukasirika, akacheka, kisha akalia upya. Bi Vifungo akamgeuza, akaanza kumfungua vifungo vya mgongoni. Zamani maneno kama yale yangemchekesha yeye mwenyewe kabla hayajamtoka mdomoni. Sasa yalitoka kama kikohozi.

Michezo ya nyimbo aliipenda tangu hajui kusema neno "mchezo". Shangazi yao alikuwa mfagiaji wa ukumbi huohuo, na kwa kuwa hakuwa na pa kuwaacha, aliwatia Bi Vifungo na mdogo wake ndani ya tenga kubwa la nguo za waigizaji, akaacha kifuniko wazi kidogo. Wakaona kutoka ubavuni mwa jukwaa, katikati ya koti la mfalme na sketi za wacheza ngoma, migongo iliyolowa jasho na visigino vilivyopasuka, na kutoka kwenye migongo ile zikatoka sauti ambazo hawakujua kwamba binadamu anazo. Nyumbani waliimba mchezo mzima juu ya kitanda. Dada mtu, mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa wanaume wote: wafalme, majambazi, mabwana harusi. Mdogo mtu alikuwa wanawake wote, na hasa alikuwa hodari wa kufa. Alikufa vizuri kupita wenye mshahara. Alianguka, mkono mmoja ukaning'inia nje ya kitanda, kisha akafumbua jicho moja kuangalia kama analiliwa vya kutosha.

Mvua zilizopita alikufa kweli. Dada mtu alisimama kando ya kitanda akilitazama lile jicho. Alilitazama sana, mpaka ndugu wakamshika mkono. Hakulia. Waliokuja kuzika walisema huyu amejikaza, wengine wakasema huyu ni jiwe, naye aliwasikia wote akaona wote wamekosea, maana jiwe lina uzito. Juma lililofuata alirudi kazini. Nyimbo zikaendelea kumpita kama maji ya bomba la jirani: unajua yanatoka, wala hayakuhusu.

"Sikiliza, mama," mwongozaji akasema. "Kesho alasiri utakaa mbele, kwenye viti, kama watu. Fumba macho usione nguo. Ukija ukaniambia ulisikia kilio ni kilio na harusi ni harusi, misumari yako inakungoja. Usiposikia, nitatafuta mwingine. Siwezi kumzika mtu na shela kila siku."

"Na Malkia atavalishwa na nani?"

"Na mimi."

Bi Vifungo alivitazama vidole gumba vya mwongozaji, vinene kama magunzi. "Mungu amsitiri," akasema.

Ndivyo ilivyokuwa kwamba, nywele zimeshageuka mvi, akaingia ukumbini kwa mlango wa wenye tiketi. Alikaa katikati. Kiti kilikuwa laini kuliko alivyodhani. Miaka yote alikipiga jicho kutoka pembeni akadhani ni cha mbao. Pazia likafunguka na Malkia akatoka, na Bi Vifungo akaona kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: kumbe ni mzuri. Kwa ubavuni alikuwa pini na jasho.

Wimbo ule ulipokaribia kwa mara ya kwanza, alifumba macho kama alivyoagizwa. Fidla zikaanza. Alizisikia noti zote, moja moja, kama mtu anavyosoma kibao cha duka ambalo hataingia. Kisha mama mnene wa kiti cha jirani akavuta kamasi. Bi Vifungo akafumbua macho. Msiba basi. Alikuwa ameujua kwa pua ya jirani.

Kule mbele gauni jeusi lilikuwa limefungwa kombo, kulabu ya pili kwenye kitanzi cha tatu, bega moja limepanda kama la mtu asiyejali. Zamani asingelala kwa aibu ya kulabu ile. Aliitazama tu. Harusi ilipofika, aliijua kwa mguu wa jirani uliokuwa ukigonga sakafu. Kumdanganya mwongozaji kusingekuwa kazi. Huyo mtu hudanganyika hata na wauza rangi. Lakini alijiona akirudi kwenye misumari yake, mkono ukienda gizani na pua ya jirani haipo. Akaamua atamwambia: tafuta mwingine.

"Mama," jirani akamnong'oneza, macho yamevimba, "umewahi kuuona mchezo huu?"

"Tangu mtoto."

"Ehee! Basi nitulize roho. Yule mchumba tuliyemlilia kumbe hakufa, amerudi, na huku binti amekwisha kuolewa na rafiki wa mchumba huyo. Wote wawili haoo wamesimama. Mwisho anamfuata yupi?"

Bi Vifungo akafungua mdomo ajibu.

Mwisho huo hakuwahi kuuona. Mwisho wa mchezo hauna maneno ya kusikika, ni kutembea tu, na wakati huo yeye huwa yuko ujiani, mikono imejaa magauni mabichi kwa jasho, akiyapeleka kuanikwa. Utotoni, shangazi alikuwa ameshafunika tenga. Hakuna aliyewahi kumsimulia kwa kuwa hakuna aliyedhani hajui. Nyumbani, juu ya kitanda kile, wanaume wote wawili walikuwa yeye. Mdogo wake akichagua huyu, akichagua yule, alimchagua dada yake.

"Mama? Yupi?"

"Sijui," akasema. Akasogea mpaka ukingoni mwa kiti.

Fidla zikaanza tena, wimbo ni uleule. Haukuwa wa msiba. Wala haukuwa wa harusi, na hilo hakuambiwa na pua wala mguu wa jirani. Ulikwenda kama mtu anayepita chumbani mwa aliyelala. Malkia akainua mguu. Watu wa safu za mbele wakanyanyuka vitini kidogokidogo, wapate kuona vizuri, na kichwa kipana cha bwana mmoja kikapanda, kikaziba jukwaa lote.

"Wewe baba!" akasema Bi Vifungo, kwa sauti iliyogeuza safu nzima. "Kichwa!"

"Samahani, mama," bwana yule akasema, akajikunja.

Malkia alikuwa ameshaanza kutembea.