Wageni Hawasemi Kama Simu

Nilimaliza darasa la nane nikaingia jikoni kwenye boti za watalii hapa Funzi. Kupika kaa nakujua. Nilichokitaka ni kuwaongoza wageni wanaosema Kifaransa, kwani Kaka Seifu, mwenye boti, hakuwa na mtu wa lugha hiyo ila yeye mwenyewe. Akanitilia kwenye simu masomo ya kusikiliza: bibi mmoja wa Paris, sauti safi, maneno kayapanga kama sahani kabatini. Miezi minane nilimsikiliza nikiosha vyombo, mpaka nikajua anapovuta pumzi.

Siku ya kujaribiwa walikuja mume na mke kutoka Kebeki, kule Kanada. Mzee akafungua mdomo, nami sikupata kitu. Ni Kifaransa, hilo nililijua, lakini kimevutwa na kukunjwa pahali ambapo bibi wa Paris hakuwahi kukunja. Sasa, kwetu mgeni haambiwi arudie alilosema. Ni kama kumwambia hajui kusema. Basi nikatabasamu, nikaitikia. Akasema tena, akijigusa koo. Nikaitikia tena.

Chakula kilipoandaliwa, mzee akaiona sahani ya kaa akarudi nyuma. Kaka Seifu akazungumza naye, kisha akaniita pembeni. Kumbe mzee alikuwa ameniambia kaa humvimbisha koo hata pumzi zisipite, na mimi nimemkubalia.

"Ungetuulia mgeni, Ummulkheir," akasema, taratibu, na ule utaratibu ulinichoma kuliko ukali.

Nahodha wetu, Tembo, akanitania njia nzima kuwa naitikia kichwa kama mjusi ukutani.

Nilipewa nafasi moja tu zaidi, baada ya wiki tatu: familia kutoka Ubelgiji. Nikishindwa, atachukuliwa mtu wa hotelini Diani. Kaka Seifu akaniambia nirudie somo la kwanza.

Sikubishana, lakini nilikuwa nikifikiri. Nilipopelekwa Kikoneni kwa shangazi nikiwa mdogo, maneno ya Kidigo yalinipita siku za mwanzo. Hakuna aliyenifunza. Nilizoea kwa kuwasikia wengi, kila mmoja na mdomo wake.

Basi nikaanza kuomba sauti. Yule mzee nilimfuata Diani kumtaka radhi kabla hajasafiri, naye akanisemea kwenye simu wanachokula asubuhi kwao. Mama mmoja wa Marseille aliyepanga nyumba Galu akanisemea hayo hayo, na Mkongo apigaye gitaa hotelini Ukunda vilevile. Wote niliwauliza chakula cha asubuhi makusudi: mkate ni mkate, chai ni chai, sikio langu lihangaike na mdomo tu. Nilianza na Mkongo, maana huyaweka maneno moja moja kama sisi. Mzee nikamweka mwisho. Wa Paris sikumtupa.

Kaka Seifu alipojua, akasema nitajichanganya.

"Nishachanganyika, Kaka. Bora nichanganyikiwe jikoni kuliko mbele ya mgeni."

Wabelgiji wakaja, na bibi yao. Akanitajia umri wake nikaupata: sabini na nne, na sabini kaitaja kwa neno moja, kama Mkongo alipotaja bei ya mkate wao, si "sitini na kumi" ya yule wa Paris. Yaliyofuata yakanipita yote. Kichwa kikaanza kuitikia. Nikakizuia.

"Mama, niwie radhi, sikukuelewa," nikasema kwa Kifaransa, mkono sikioni. "Nirudie pole pole."

Tembo akageuza uso kwa aibu. Bibi akacheka, akarudia huku akipiga goti: la kushoto halikunji, ngazi ya boti haiwezi. Nikamwomba Tembo tungojee maji yajae, boti ije usawa wa gati, bibi aingie kwa hatua moja. Tulingoja karibu saa nzima. Katika kungoja huko nilimwomba arudie mara tano au sita, na kila mara alizidi kunisogelea.

Kaka Seifu alikaa nyuma safari nzima, wageni akaniachia mimi. Tuliporudi akaniomba nimtumie zile sauti, ampe na Khamisa anayeanza jikoni.

"Jumapili kuna wageni sita," akasema. "Utakwenda wewe na Tembo. Mimi nina shughuli Msambweni."

Nikamwuliza ni wa wapi.

"Sijui. Wameandika Kifaransa tu."

"Haya," nikasema. "Nitawauliza."