Sare ya Idi

Kosa lilikuwa la Naila mwenyewe, na ndiyo maana lilimchoma zaidi. Mwezi wa kwanza Modesta, bosi wake kwenye meli ya kitalii ya matanga, alimuuliza: "Idi ni tarehe ngapi? Wageni wanataka kushuka waisherehekee na familia ya hapahapa." Mtoto yeyote wa Kisarawe angejibu kwamba mwezi ukiandama tutajua. Naila akataja tarehe. Aliitaja kwa kiherehere chake, kwa sababu Idi tatu mfululizo zilimkuta baharini akiwaonyesha watu pomboo, na hii ya nne aliitaka imkute kwa mama yake. Meli ingetia nanga Dar siku moja tu, basi siku hiyo lazima iwe Idi.

Mwezi haukuandama.

Kwa hiyo siku ya thelathini ya mfungo, kosta ikawashusha wageni kumi na wanane kwa Bi Mwamini, mama yake Naila, nje kidogo ya mji wa Kisarawe. Asubuhi walikuwa Mkuza, Kibaha, wakitazama kinamama wanavyobangua korosho. Sasa walitaka Idi yao. Naila alishuka wa kwanza, amevaa gauni la kitenge cha buluu. Alikuwa ameshonesha mawili ya sare, moja lake na moja la mama. Modesta ndiye aliyemlazimisha avae, eti wageni waione sikukuu. Mtaa mzima umefunga, midomo imekauka, na yeye peke yake amependeza. Alisikia aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Idi umeshaila?" Bi Mwamini alilitazama gauni toka shingoni hadi miguuni.

"Nimefunga, mama. Hii ni kazi tu."

"Haya."

Hiyo "haya" ilimuuma kuliko kugombezwa.

Hata hivyo Bi Mwamini alipika. Kwake mgeni hashindi na njaa, hata kama mpishi mwenyewe amefunga. Pilau ikaliwa chini ya turubai huku majirani wakipitisha maji ya kunawa. Mzee mmoja wa kigeni, kofia ya ukili kichwani, akawa anampungia kila apitaye: "Idi mubaraka!" Watu walimjibu kwa adabu, kisha wakamgeuzia Naila macho.

Modesta alikuja na karatasi ya ratiba mkononi. "Na ngoma? Imeandikwa saa nane ngoma."

Mbaraka, mpiga ngoma waliyemwalika, alikuwa amekaa kwenye gogo mikono mitupu. "Dada, ngoma ya Idi siwezi kuipiga watu wamefunga. Njooni kesho, nitapiga mpaka mchoke wenyewe."

"Kesho meli haipo!"

"Sasa mimi nifanyeje? Mwezi siutoi mimi."

Naila alitaka kumfokea mtu, akakosa wa kumfokea.

Walipokaribia kuondoka, mwanamke mmoja mgeni aliinua simu akaomba picha ya mama na binti ndani ya sare. Naila akalichukua lile gauni la pili, akamfuata mama yake jikoni.

"Mama, livae kidogo tu. Dakika moja."

"Kesho."

"Kesho sipo! Unajua kabisa sipo. Hii ndiyo Idi yangu, mama, sina nyingine!" Sauti ilimtoka kubwa, wageni wakageuka. Machozi ya hasira yakamshuka, akayafuta kwa mkono wa gauni jipya.

Bi Mwamini aliendelea kusugua sufuria. "Nitalivaa siku yake," alisema. Nje kosta ilikuwa inapiga honi.

Asubuhi iliyofuata meli ilikuwa mbali, ikielekea kusini. Kwenye ubao wa ratiba mtu alikuwa ameweka alama ya vema mbele ya neno Idi, maana yake imeshafanyika. Naila, ndani ya fulana yake ya kazi, alipita akaitazama alama ile, akatamani kuifuta kwa kiganja. Akampigia mama yake kabla mtandao haujapotea. Kule nyumbani ngoma ya Mbaraka ilikuwa inalia kwelikweli.

"Idi njema, mama. Umependeza?"

"Nimevaa dera la mwaka jana."

"Na gauni? Si ulisema utalivaa siku yake?"

"Nimelivaa asubuhi, nikajitazama kwenye kioo, nikalivua. Nimelikunja, liko kabatini."

"Kwa nini sasa, mama? Limekubana?"

"Halijanibana," alisema Bi Mwamini. "Sare, Naila. Nivae na nani?"