Ukuta wa Mjomba Brashi

Ukuta ule ulinuka, tena si kunuka kwa mchezo. Msanifu wa tovuti alijifunga kitambaa puani, kamera mkononi, akatafuta mahali pakavu pa kukanyaga asipaone. Mbele yake kulikuwa na maandishi mekundu, kila herufi imenyooka: USIKOJOE HAPA. Chini yake, usawa wa magoti, chokaa yote ilikuwa imeliwa na mikojo ya mji mzima. Watu hawana haya!

Pembeni kabisa palichorwa brashi ndogo ya kijani, ukubwa wa kidole gumba. Hiyo ndiyo sahihi ya mjomba wake, Mjomba Brashi, aliyeandika karibu nusu ya vibao vya mji: vinyozi, mabucha, mafundi viatu, zahanati. Na tovuti yenyewe ilikuwa ya kuvienzi vibao hivyo. Mjomba alishanunua shati jipya la uzinduzi.

"Mpwa wangu," alimwambia, "miaka yote watu wananisoma na hawanijui. Sasa watanijua."

Shida ni Mkurugenzi, mwenye mradi, bwana wa suti ya bluu inayong'aa mpaka inaumiza macho. Siku ileile alikuja pale ukutani kukagua kazi.

"Safi sana, binti," alisema akichungulia kamera. "Ila hako kadoa ka kijani kafute. Kwenye picha zote."

"Si doa, bosi. Ni sahihi ya mchoraji. Ni mjomba wangu."

"Aah, mambo ya wajomba peleka nyumbani! Tukianza kutaja majina, kesho watatupangia foleni ofisini. Andika 'mchoraji hajulikani', yaishe."

Mchoraji hajulikani! Mtu yuko hai, anakunywa chai mtaa wa pili, kila siku anaulizia uzinduzi! Msanifu alimeza hasira, akarudi nyuma apige picha ya ukuta mzima aondoke zake. Alipoinua kamera, Mkurugenzi alishausogelea ukuta. Kaipanua miguu, kageuza mgongo, anapiga mluzi. Chini ya maandishi yenyewe, jamani! Msanifu hakuishusha kamera. Kidole kikabonyeza.

"Haya, tuonane kwenye uzinduzi," Mkurugenzi alisema huku akifunga zipu, kisha akanyoosha mkono waagane. Ati mkono! Msanifu alijifanya anafuta lenzi.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mjomba alikaa nyuma kabisa, shati bado lina mikunjo ya dukani. Mkurugenzi alizungumza weee, mara heshima ya vibao, mara ustaarabu wa mji, mpaka watu wakaanza kupiga miayo. Pembeni, kwenye kompyuta yake, msanifu alijua kibarua chake kimeshaota nyasi. Hakujali. Alipopewa ishara, akaifungua tovuti kwenye skrini kubwa.

Ukatokea ukuta mzima: maandishi mekundu, brashi ya kijani, na katikati mgongo wa suti ya bluu, mchirizi ukitiririka kati ya viatu. Chini ya picha paliandikwa: "Mchoraji: Mjomba Brashi. Mkojoaji: hajulikani."

Vichwa vyote ukumbini vikageukia jukwaani, kwenye suti ileile ya bluu.

Kule nyuma Mjomba alisimama, akainyoosha kola yake.

"Na niliandika kwa herufi kubwa!" alisema.