Uso Kwenye Ukuta wa Hakimu

Asubuhi Vanni alipoitwa na Wanane, mkewe Dianora alichoma michoro yote ya uso wa kaka yake, Ghino. Hakuomba ruhusa. Alifungua kasha la mumewe, akatoa karatasi moja moja, Ghino akicheka, Ghino akisinzia, Ghino akila tini, akazitia motoni chini ya chungu cha maharagwe. Maharagwe yakaiva vizuri tu.

Wanane ndio walioshika usalama wa mji wa Firenze, na mtu akiitwa nao huwaaga watu wake kabisa. Vanni alirudi mzima, tena na kazi mkononi. Alitakiwa kuchora wasaliti kwenye ukuta wa jumba la hakimu, wakining'inia kwa mguu mmoja, kichwa chini, kama wanavyochorwa siku zote wale ambao kamba haijawapata. Mmoja wao alikuwa shemeji yake. Ghino aliwashikia farasi watu waliotaka kumuua bwana mkubwa wa mji, wakashindwa, na tangu hapo anasakwa.

"Usimchore," Dianora alisema.

"Nisipomchora mimi atamchora Berto, na mimi nitaulizwa kwa nini nilikataa."

"Basi mchore vibaya."

Vanni alicheka. "Vibaya vipi? Sijui hata pa kuanzia."

"Kama marehemu baba yako. Watakatifu wake wote walikuwa na sura moja, na sijasikia aliyekamatwa."

Hapo alimgusa penyewe. Mzee yule alichora kwa vielelezo alivyorithi, macho yale yale, midomo ile ile, na dhahabu nyingi nyuma yake. Vanni na wenzake walikuwa watu wa mambo mapya. Walipima sakafu kwa kamba mpaka picha ya ukutani ikawa na kina cha kukufanya utake kuingia ndani, na walichuna maiti za hospitali waone msuli unavyoshika mfupa. Kwao sura isiyo ya mtu fulani haikuwa sura. Dianora alilijua hilo, ndiyo maana aliogopa.

Maana Ghino hakuwa mbali. Alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba ya watawa, amenyoa ndevu na kuvaa joho. Jumamosi angetoka kwa lango la San Frediano pamoja na watawa waendao vijijini kuomba sadaka. Walinzi wa malango walikuwa askari wa kukodiwa kutoka Lombardia, hawamjui mtu hapa mjini. Wangemjua kwa ukuta ule tu.

"Haya," Vanni alisema mwishowe. "Nakuahidi."

Ijumaa Dianora alimpelekea mkate na jibini. Juu ya jukwaa la mbao wasaliti wengine walikuwa wamekamilika, wanatisha. Ghino alikuwa na macho ya duara na kidomo kidogo. Angeweza kuwa Mtakatifu Yohana, angeweza kuwa muuza vitunguu. Dianora alimshika mumewe mkono uliojaa plasta, akaubusu, na watu wakaona.

Basi mkosi ukampitisha Berto, naye mchoraji, mdomo hauna hatamu.

"Fundi Vanni, marehemu mzee wako amefufuka nini? Wenzake wanavimba mishipa, huyu wa mwisho kama anasubiri kuandaliwa meza."

Watu wakaangua kicheko. Vanni alifuta brashi yake, akaifuta tena ilhali safi.

"Achana naye, ana wivu," Dianora alimwambia.

"Nenda nyumbani, mke wangu. Plasta inakauka."

Hakuipenda sauti ile. Plasta ikishakunywa rangi na kukauka, anayetaka kurekebisha hana budi kuibandua na kupaka mpya, na kabla hajafika pembe ya barabara Dianora alisikia nyundo ikigonga ukuta. Akajiambia kuwa Vanni anasawazisha ukingo. Aliendelea kutembea akijiambia hivyo mpaka mlangoni kwake.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa watu waliopinda shingo. Hakuna aliyecheka. Kamba ilikuwa imezama kwenye kifundo cha mguu, shati limeshuka na kuacha mbavu wazi, na uzito wa mwili ulionekana kabisa, hata mtazamaji akahofia jiwe la ukuta lisije likaachia. Uso ulikuwa umeiva kwa damu iliyoteremka. Dianora aliutazama. Chini ya ndevu zile ulikuwa uso wa Dianora mwenyewe.

Vanni alikuwa ubavuni mwake, macho mekundu. "Sikuwa na mchoro hata mmoja, umenichomea yote. Nikakumbuka mmetoka tumbo moja."

"Uliniahidi."

"Najua." Hakuondoa macho ukutani. "Lakini hebu inamisha shingo kidogo. Tazama kivuli chini ya kidevu."

Naye akainamisha. Ulikuwa uzuri ambao hajapata kuuona, na alimchukia Vanni, na akaichukia shingo yake iliyotii.

Askari wa zamu waliletwa wauone uso kabla ya kwenda malangoni. Mmoja, mtu mpole wa sura, aliinua kiganja akaziba ndevu za mchoro kwa mbali, akapima. Aliposhusha mkono macho yake yalimwangukia Dianora, yakakaa hapo.

Dianora aliondoka kama mwenye haraka ya soko. Alipofika darajani alikimbia. Lazima Ghino arudi ndani, leo asitoke. Nyuma yake alisikia viatu vya askari, lakini askari nao walikuwa na lango lao la kwenda kulinda, na hakugeuka.

Watawa walikuwa wamepanga mstari kwenye lango la San Frediano, vikapu mgongoni. Alisimama mbali, akavuta ushungi mpaka puani, akatikisa kichwa kidogo sana. Kwa Ghino ushungi haukusaidia kitu. Alimtambua dada yake kwa namna alivyosimama tu, na alivyo Ghino, asiyejua kuogopa hata siku moja, akainua uso na kutabasamu.

Yule askari mpole akampita Dianora, akasimama katikati yao. Alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, bila haraka.

"Mtawa, teremsha kofia," alisema. Kisha akamgeukia Dianora kwa adabu zote. "Na wewe, bibi, ondoa ushungi, usogee hapa karibu naye."