Kochi la Mgeni

Jumapili alasiri Mgeni alikuwa amechuchumaa kati ya vitanda viwili, akichambua dengu kwenye sinia, simu ilipoita. Alikuwa mama yake. Mgeni alikuwa na wiki chache tu katika mji ule, na jina hilo alipewa na wapangaji wenzake, ambao wenyewe walikuwa wageni wa siku nyingi.

“Unaishi vizuri, mwanangu?”

“Vizuri sana, mama. Nina sebule. Nina kochi.”

Kochi likatua. Lilikuwa jeupe, na mito yake, na lilikaa pale pale kati ya vitanda. Sinia la dengu likasukumwa uvunguni. Mchomeleaji, aliyekuwa akichangia chumba naye, alikuwa akikata kucha za miguu. Aliinua miguu kulipisha.

“Ungesema stuli,” alisema, Mgeni alipokata simu.

Kochi lilikuwa na kona za kugonga magoti na uzito wa kuvunja mgongo, lakini aliyejaribu kulikalia alijikuta amekaa sakafuni. Mchomeleaji alimweleza mambo yalivyo, kwa sauti ile ile aliyomwelezea ashukie kituo gani akienda kazini. Unachowadanganya nyumbani kinakuja. Wakikiamini, kinabaki. Lile gari jekundu pale kwenye ngazi, lililowafanya wapangaji wapite ubavu ubavu, lilikuwa lake yeye Mchomeleaji. Alimtajia shemeji yake mwaka wa kwanza. Fundi mpaka rangi wa chumba cha chini naye alikuwa na mke, mwanamke mzuri sana, aliyesimama dirishani na hakuwahi kugeuka. Mwenye nyumba alikuwa na habari zote hizo. Mwisho wa mwezi alimpandishia Mgeni kodi, kwa kuwa chumba sasa kilikuwa na samani.

Mgeni akaendelea kuujifunza mji. Aligundua kwamba ukimsalimia mtu kwenye lifti, anapapasa mifuko yake kwanza kuona kama kila kitu kipo. Aligundua pia kwamba hoteli aliyokuwa akiipigia pasi mashuka, chini kabisa ya jengo, ilikuwa na mlango wa mbele, na kwamba mlango huo haukumhusu. Msimamizi wao, mtu mwenye upendo wa ajabu, aliwaita wote “rafiki” ili asijisumbue kujifunza majina yao. Siku moja rafiki huyo alimtoa kwenye mashine ya joto kali na kumpeleka kwenye mashine ya joto kali zaidi. Jioni Mgeni alimwambia mama yake amepandishwa cheo, na meza ya ofisini ikaingia chumbani, ina droo zisizofunguka. Mama alipouliza kama anakula vizuri, ikaja friji. Kuanzia hapo wenye chumba walifika vitandani mwao kwa kutambaa chini ya meza.

Nyumbani, kwa upande wao, raha ilikuwa haisemeki. Mama alipenda kupiga simu ya video mbele ya majirani, na Mgeni alichuchumaa mbele ya kochi lake kama mtu aliyeamua tu kutolikalia.

Halafu siku moja mama akasema Kitinda anakuja huko huko.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alikuwa na cherehani mbili barazani kwa mama yao, na nusu ya watoto wa shule ya pale walivaa alichokishona yeye. Sasa alikuwa anaziuza apate nauli, maana kwa nini mtu ashone sare ilhali kaka yake ana sebule? Mgeni alimpenda binti huyo kuliko mtu yeyote duniani. Hofu iliyomshika ilikuwa ya kweli, kwa hiyo haikuchukua nafasi yoyote chumbani.

“Mama, nisikilize vizuri,” alisema. “Sina sebule. Tunalala wawili kwenye chumba kimoja. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka. Nilikudanganya. Mwambie Kitinda asiuze mashine zake.”

Mama alisogeza uso kwenye simu, akatazama.

“Na hilo kochi nyuma yako?”

“Ni la uongo.”

“Friji je?”

“Nayo ya uongo.”

“Haya. Umeshashiba, sasa unafunga mlango. Kama hutaki ndugu zako waje, sema hutaki. Usinifanye mimi mtoto mdogo.”

Akakata. Mgeni aligeuka kutazama chumba. Hakuna hata mto mmoja uliopungua.

“Na ukweli nao mpaka uaminiwe,” Mchomeleaji alisema kutoka chini ya meza.

Alimpigia Kitinda mwenyewe. Kitinda alimsikiliza mpaka mwisho, huku nyuma yake watu wakisaidiana kupakia kitu kizito kwenye gari. “Kaka, hata wewe?” alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

Alifika mwezi uliofuata, na begi moja. Alipita ubavu ubavu kwenye gari la ngazini, akamwamkia mke wa mpaka rangi bila kujibiwa, akasukuma mlango wa chumba, ukafunguka nusu. Mchomeleaji alimkaribisha, akamwambia ajihadhari na kona, kisha kwa heshima akahamishia godoro lake koridoni. Kitinda alikuwa amechoka na safari. Alilikalia kochi, akajikuta sakafuni, na hapo sakafuni akabaki.

“Kwa hiyo siku ile ulikuwa unasema kweli,” alisema.

“Ndiyo.”

“Na mimi nimeshauza mashine.”

“Ndiyo, mdogo wangu.”

Kitinda alilia kwa muda, pasipo kelele. Mgeni alitaka kumwomba radhi kama inavyostahili, akakosa pa kupiga magoti.

Simu ikaita. Alikuwa mama, na safari hii majirani walikuwa wengi zaidi, na mbele yao shangazi, ambaye mwanawe alikuwa na kibanda chake cha kunyolea kilichokuwa kinakwenda vizuri tu.

“Umefika salama, mwanangu? Kaka yako alitaka kututisha, eti hana pa kukaa. Haya tuambie wewe, mtoto wa shangazi yako anataka kusikia. Pakoje? Umepewa chumba chako?”

Kitinda alijifuta uso kwa upindo wa gauni, akatabasamu kwenye simu. Mgeni aliinuka, akaokota viatu vilivyokuwa nyuma ya mlango, akavipakata, ili pale palipobaki patoshe kitanda.