Sahani Moja ya Mchele Mzima

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, familia ya Fanueli kutoka Rujewa ilisimama kwenye foleni ya lango la Dunia Ndogo, nje kidogo ya Iringa mjini, ikiwa na mayai kumi ya kuchemsha, ndoo ndogo ya viazi na marehemu mmoja.

Marehemu alikuwa Bibi Apolonia, mama mzazi wa Fanueli. Alifariki mwanzoni mwa Mei akiwa amesimama kwenye jaruba la mpunga, kombeo mkononi, akifukuza kweleakwelea. Siku hiyo maji yalimfika vifundoni, na tangu hapo hayakumwacha. Popote aliposimama, maji ya mfereji yalichipuka chini ya nyayo zake, ya baridi, yenye tope kidogo. Kwenye basi kondakta alimpa beseni la kuwekea miguu na kumwomba asimwagie watu wakifika kwenye matuta ya Mafinga.

Alikuja kwa sababu ya ahadi. Wakati wa Pasaka mjukuu wake Atuganile alimwambia, "Bibi, mwezi wa sita nitakulisha mchele mzima, kwenye meza yenye kitambaa."

"Na nikifa kabla?"

"Utakuja hivyo hivyo."

Basi akaja hivyo hivyo. Ila muda wake ulikuwa mfupi. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa arobaini yake, na baada ya arobaini marehemu wa Rujewa hawatembei tena.

Atuganile alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya masista, ambako jina lake lilijulikana mpaka jikoni. Aliwahi kumwandikia jogoo wa masista barua rasmi ya kumsimamisha kazi. Jogoo akatii, akanyamaza wiki nzima, na shule yote ikachelewa misa. Atuganile naye akasimamishwa wiki mbili. Aliona ni haki, kwa kuwa jogoo alikuwa na utumishi mrefu kuliko wake.

Mlinzi wa lango alimtazama Bibi, kisha akatazama dimbwi lililokuwa likiota chini yake.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene, mwanangu."

Mlinzi akasoma ubao wa viingilio. Kulikuwa na mtu mzima, mtoto, na mgeni kutoka nje ya nchi. Marehemu hakuandikwa. Akapiga simu, akasikiliza, akakata.

"Bosi anasema apite bure. Lakini asipande bembea kubwa, mkanda hautamshika."

Ubao wa pili ulikataza chakula kutoka nje. Atuganile, aliyekuwa ameusoma tangu akiwa mbali, alikwisha kuhamishia mayai na viazi vyote ndani ya kitenge cha Bibi, ambaye sasa alionekana mnene kwa mtu aliyezikwa. Mlinzi alipekua mikoba ya wengine wote.

"Na bibi je?" akauliza Atuganile, kwa upole wa mtu anayejitakia matatizo.

"Marehemu hawakaguliwi," alisema mlinzi. "Si heshima."

Atuganile aliuweka msemo huo akilini kama mtu anavyoweka ufunguo.

Dunia Ndogo ni Tanzania iliyopunguzwa. Kuna Mlima Kilimanjaro wa saruji unaomfika mtu mzima begani, na Ngorongoro yenye upana wa uwanja wa netiboli, ndani yake simba wa saruji asiye na sikio moja. Kila mkoa una kitu chake. Mbeya, mkoa wa Rujewa, ilipewa mashine ya kukoboa mpunga, inayofanya kazi kweli, ili wageni waone mchele unatoka wapi. Familia ya Fanueli ilisimama mbele ya mashine hiyo muda mrefu, kama mtu anayekuta picha yake imetundikwa kwenye nyumba ya watu asiowajua.

Kwa siku mbili walikuwa wamelala sakafuni kwa shangazi, Tosamaganga, na kula walichobeba. Fedha ya safari iliruhusu mlo mmoja wa mgahawani, sahani moja, vijiko vitano. Wa kuchagua alikuwa Atuganile, kwa heshima ya matokeo yake ya kidato cha pili. Hata hivyo, walipoketi mgahawani, kila mtu alikuwa na ushauri. Fanueli alishauri kuku wa kuchoma. Mama Sabina, mkewe, alishauri samaki mzima, kwa sababu samaki hugawanyika bila ugomvi. Ombeni, mdogo wa Atuganile, mwenye miaka saba, alishauri piza iliyopigwa picha ukutani.

"Wali Maalumu," alisema Atuganile. "Mchele daraja la kwanza, na nyama."

Fanueli aliweka chini karatasi ya vyakula.

"Mwanangu. Sisi tumetoka Rujewa. Rujewa! Tupande basi, tulale sakafuni kwa shangazi yako, tuje kula wali?"

"Dada akifika mbinguni ataagiza uji," alisema Ombeni.

Mama Sabina alimtazama Bibi Apolonia, aliyekuwa akipapasa kitambaa cha meza kwa vidole viwili, kisha akamfinya mumewe chini ya meza. Fanueli akakumbuka.

Rujewa mpunga ukimwagwa kwenye mashine hutoka kwa njia tatu. Mchele mzima hutoka huku, chenga kule, pumba nyuma. Mchele mzima huingia kwenye magunia na magunia hupanda lori. Pumba huliwa na nguruwe. Chenga hurudi nyumbani na aliyelima. Bibi Apolonia alipandikiza mpunga miaka hamsini na mmoja na hakuwahi kumeza punje yenye ncha zake zote mbili. "Mchele mzima una wenyewe," alikuwa akisema, bila uchungu, kama mtu anayesema kesho ni Jumapili. Na kweli kesho ilikuwa Jumapili.

Mhudumu alikuja, jina lake Benedicta lilikuwa kifuani. Alipokea fedha kwanza, kama utaratibu ulivyo, ndipo akasema, "Mchele wa daraja la kwanza umekwisha. Lori liko njiani, linatoka Rujewa."

"Tutasubiri," alisema Atuganile.

Wakasubiri. Maji ya Bibi, yaliyokuwa yamezoea kutembea, yalikosa pa kwenda yakaanza kutanda. Yalipita chini ya meza ya kwanza, ya pili, yakafika kaunta. Wateja waliinua miguu wakaendelea kula. Saa sita na nusu miche ilichomoza katikati ya marumaru, kijani laini. Saa saba ilifika magotini. Benedicta alikunja vitambaa vyote vya meza visichafuke akavipeleka stoo.

Hapo familia ingeweza kubaki imekaa. Lakini Rujewa hajazaliwa mtu anayeweza kukaa mbele ya mpunga wenye magugu. Mama Sabina aliinama, akang'oa gugu.

"Hili moja tu," alisema.

Akang'oa la pili. Fanueli alikunja suruali, akaenda kuziba upande wa mlangoni ambako maji yalikuwa yakipotea bure. Saa saba na nusu mpunga ulitoa masuke na kweleakwelea wakaingia kwa madirisha. Ombeni akapanda juu ya kiti akawapigia kelele na kugonga sufuria. Bibi Apolonia alisimama katikati, kombeo likizunguka, kila jiwe likipita juu ya vichwa vya wateja kwa adabu. Wageni waliwapiga picha. Mmoja alimuuliza Benedicta onyesho hilo huwa saa ngapi kila siku.

Atuganile peke yake alibaki mezani, kijiko mkononi.

"Jamani, tumekuja kula!"

"Tutakula," alisema mama yake, mgongo ukiwa juu. "Mpunga haungoji mtu, inuka."

"Treni hatujapanda. Bembea hatujapanda. Tuna siku moja!"

"Ndiyo maana uinuke, tumalize mapema."

Akainuka. Waliazima visu vya jikoni wakavuna. Walipura ndani ya Ngorongoro, kwa sababu palikuwa na sakafu nzuri, na simba alisaidia kushikilia turubai. Walibeba mpaka mkoa wa Mbeya wakakoboa. Ilipofika saa tisa na nusu palikuwa na magunia matatu ya mchele mzima, mweupe, mrefu, unaonukia mpaka kwenye Kilimanjaro, na ndoo moja ya chenga.

Bibi Apolonia alitia mkono ndani ya gunia. Akautoa, akatazama punje kiganjani, akazirudisha zote.

"Tunapika?" aliuliza Atuganile. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha wowote akilini.

Wakati huo alifika Saulo, meneja wa mgahawa, mwenye tai na lugha nzuri.

"Hongereni kwa kazi," alisema. "Kwa kweli hongereni. Sasa, mzee wangu, utakubaliana nami kwamba mpunga huu umeota juu ya marumaru za mgahawa."

Fanueli alifikiri. Maisha yake yote alikuwa amelima mashamba ya kukodi, kwa hiyo hoja hiyo haikumpa shida.

"Ni kweli," alisema. "Marumaru si zetu."

"Baba!"

"Si zetu, mwanangu. Tuseme uongo?"

"Maji ni ya Bibi!"

"Maji tunashukuru," alisema Saulo.

Atuganile alimsogelea. "Basi tupe sahani yetu moja. Tulishalipa."

"Mmelipia wali, mtapata wali," alisema Saulo, na alisema kweli. Mchele mzima ulikuwa wa watu wa semina waliotoa oda tangu Jumanne. Walikuwa ukumbi wa juu, wakijadili namna ya kuinua kipato cha mkulima, na walikuwa na njaa.

Wali Maalumu uliletwa saa kumi kasoro robo. Ulikuwa wa chenga, na vipande viwili vya nyama, na karoti iliyochongwa ikawa ua. Meza haikuwa na kitambaa. Vyote vilikuwa vimepelekwa juu.

Walikula kwa vijiko vitano. Ombeni alipewa lile ua. Bibi Apolonia alitafuna taratibu, akafikiri.

"Chenga nzuri," alisema. "Hazina mchanga."

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini, mke mwenzangu? Meza nimeiona."

Atuganile aliomba ruhusa kwenda chooni, akaenda mkoa wa Mbeya. Chini ya mashine, mahali ufagio haufiki, alikusanya punje nzima nzima, moja moja, zikafika ukufi mmoja. Alirudi akazifunga kwenye pindo la kitenge cha Bibi.

"Unanitia wizi nimeshakufa?" alinong'ona Bibi.

"Utapika huko uendako."

"Kwani huko wanapika?"

"Sijui. Lakini marehemu hawakaguliwi."

Langoni alikuwa mlinzi yuleyule. Alipekua mkoba wa Mama Sabina, akapekua ndoo tupu ya viazi, kisha akanyoosha mkono kwa heshima kuelekea kitenge cha Bibi Apolonia.

"Asubuhi ulisema hawakaguliwi!" alisema Atuganile.

"Wakiingia," alisema mlinzi. "Wakitoka wanakaguliwa."

Alifungua fundo kwa mikono miwili, akazimimina punje ndani ya kopo, hata moja isianguke.

"Samahani, bibi."

"Usijali, mwanangu. Una kazi yako."

Atuganile, aliyemnyamazisha jogoo kwa barua, aliinama akalifunga upya pindo tupu.

Bibi Apolonia, badala ya kutoka, aligeuka akatazama mgahawa. Maji hayakuwa yamekauka. Kwenye mashina yaliyokatwa machipukizi mapya yalikuwa yameshatoka, na juu ya paa kweleakwelea walikuwa wakijipanga kwa ajili ya jioni.

"Nani analinda pale?" aliuliza.

Mlinzi alisema yeye ni wa lango tu.

"Bibi, twende. Basi la saa kumi na moja. Kesho ni arobaini yako."

"Misa itasomwa hata nisipokuwepo," alisema Bibi Apolonia. "Mpunga hautalindwa."

Akakaza kitenge, akalishika kombeo vizuri, akarudi. Mlinzi alimfungulia mlango mdogo wa pembeni, ule wa wafanyakazi, ambao hauna kiingilio. Fanueli alimtazama mama yake akiondoka mpaka akafika kwenye maji, kisha akasema watachelewa basi. Kwenye basi kiti cha Bibi kilikuwa kikavu, na Ombeni alikilalia mpaka Rujewa.

Jumapili watu walikuja wengi. Padri, ambaye hakuwa ameambiwa, alisema Bibi Apolonia sasa amepumzika kutoka katika kazi zake zote. Watu wakaitikia amina. Atuganile alikuwa amesimama karibu na masufuria, mwiko mkononi, na alikuwa na mengi ya kumweleza padri kuhusu mkoa wa Mbeya na mlango wa pembeni. Lakini wageni walikwisha kushika sahani, na chenga zikipoa hushikana. Akasema amina, akapakua.