Vidonge Siku ya Kwanza ya Mfungo

Waasi walilisimamisha lori njia ya Soroti, Jumamosi saa sita mchana. Wakamkata dereva kwa panga mbele ya abiria wote, kisha wakaanza kuchagua wanawake. Zulaika, mjane wa Walukuba, Jinja, anayechuuza samaki wakavu, alimng'ata wa kwanza mkono mpaka damu ikamjaa mdomoni. Haikusaidia kitu. Walimpiga kwa kitako cha bunduki, wakamburuta nyuma ya kichuguu, wakamnajisi mmoja baada ya mwingine. Uso ukiwa mchangani aliweka nadhiri: Mungu akimtoa hai, Ramadhani ya keshokutwa hataila mchana hata siku moja ambayo dini inamruhusu kufunga.

Akatoka hai. Jumatatu asubuhi alikuwa Mbale, kwenye zahanati ndogo, mbele ya Sista Nambozo, mwanamke asiyejua kubembeleza. Sista alimshona paji la uso, akamdunga sindano, mwisho akamwekea kiganjani pakiti ya vidonge viwili.

"Vya kuzuia mimba. Meza vyote viwili sasa hivi, nikikuona."

"Sista, nimefunga. Nitameza magharibi."

"Magharibi! Mbegu za wale washenzi hazifungi Ramadhani, dada. Vidonge hivi vinazuia yai lisitoke. Kila saa unayongoja, nguvu inapungua. Hata ukimeza sasa, si kila mwanamke vinamkinga. Na mimba ikishatunga, haviitoi ng'o."

Zulaika alijua mgonjwa anaruhusiwa kufungua. Mtoto wa madrasa gani hajui hilo? Lakini wale mbwa walikuwa wamemnyang'anya kila kitu, na funga ilikuwa yake peke yake. Akaifunga pakiti kwenye pindo la kanga, akapanda gari la Jinja. Ukaidi gani huo, jamani!

Jua lilikuwa linazama alipofika kwa shangazi yake, Hadijah. Alimwambia amepigwa na kuibiwa tu, hayo mengine akayaficha. Adhana ilipolia akanywa maji, akafungua pindo. Shangazi akaiona ile pakiti.

"Dawa ya kutoa mimba nyumbani kwangu? Siku ya kwanza ya mfungo?" Akampiga kofi lililofumua ule mshono, akapokonya pakiti, akaitupa kwenye sigiri ya mkaa iliyowaka.

Zulaika alimsukuma mama wa watu ukutani, akatia mkono motoni. Ngozi ilinuka. Alipoutoa, kidonge kimoja kilikuwa majivu na cha pili kilikuwa kizima. Akakimeza na damu iliyokuwa ikimtiririka usoni.

"Walininajisi, shangazi! Wanne! Heri nife kuliko kuizaa sura ya mmoja wao!"

Hadijah akaanguka chini akalia. Wakalia wote wawili. Kesho yake shangazi alitaka waende dukani watafute vingine, lakini Zulaika aliona haya kumsimulia muuza dawa. Alisema kimoja kimeingia, Mungu atajaza pengo. Mungu hajazi pengo la dawa, mnajua hivyo nyinyi na mimi, ila aibu haisikii hoja.

Mwezi ukaenda. Mkono ukapona kwa makovu, akafunga bila kukosa. Siku ya mwisho walikuwa wakikanda unga wa mandazi ya Idi, na shangazi alikuwa na furaha yake.

"Mashallah, Zulaika wangu! Thelathini kamili. Sisi wanawake wengine wote humu nyumbani tulikula siku zetu sita, saba, tutazilipa, lakini wewe hata..."

Mikono yake ikasimama ndani ya unga. Zulaika alikuwa na miaka ishirini na sita, na kila mwaka hedhi ilimwachia naye siku za kulipa.

"Hukuingia mwezini, mwanangu?"

"Sikuingia."

"Hata tone?"

"Hata tone, shangazi. Nadhiri yangu nimeitimiza yote." Akaanza kujipiga ngumi tumboni, kwa mkono ule wenye makovu, tena na tena, mpaka Hadijah akamrukia na kumshika mikono yote miwili.